Yatokanayo na Neno Moja

Ofisini walimwita Mama Muhtasari, na hawakumwita hivyo kwa kejeli. Kwa miaka ishirini na miwili aliandika kumbukumbu za vikao vyote vya wilaya: vya shule, vya maji, vya barabara, hata kile kikao kirefu cha mbwa koko kilichoisha bila mbwa hata mmoja kuamuliwa lolote. Wakuu walikuja na kuondoka, kila mmoja akiacha msumari ukutani palipokuwa na picha yake. Yeye alibaki kwenye meza ileile kando ya kabati la chuma. Kikao kikianza, tayari alikuwa ameshapiga mstari wa pambizo kwenye daftari, ameandika tarehe, amechonga penseli mbili. Kalamu ya wino hakuitumia kikaoni.

"Wino una kiburi," alisema. "Ukikosea haukubali."

Sifa yake ilikuwa moja tu, lakini ilikuwa kubwa. Hakuongeza neno la mtu wala hakulipunguza. Mwaka mmoja madiwani wawili waligombana, mmoja akaapa mbele ya kikao kizima kwamba hajawahi kumwita mwenzake kichwa maji. Faili likaletwa. Likasomwa: "Mheshimiwa alimwita mwenzake kichwa maji mara mbili, ya pili akiwa amesimama." Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza kwa kiatu. Tangu siku ile ukazuka usemi ofisini: kama Mama Muhtasari ameandika, basi lilisemwa. Aliupenda usemi huo kuliko cheti chochote. Mtu akisifiwa kwa ukweli muda mrefu huanza kuamini kwamba ukweli unamfuata wenyewe kama kivuli, wala hana haja ya kuutafuta.

Baba yake alikuwa askari wa misitu, aliyeletwa kutoka mbali ili awakamate watu wa msitu wakiingia msituni mwao bila kibali. Akamwoa mmoja wao. "Alimkamata mama yako," mama mdogo alipenda kumwambia, "akasahau kumpeleka kituoni." Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa. Kila shule ilipofungwa alipelekwa kwa mama mdogo huyo, ndani ya msitu, mwendo wa nusu siku kutoka penye barabara. Mama mdogo alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, na mdomo wake ulichoma kama nyuki aliowafuga. Mizinga yake ilitundikwa juu ya miti mirefu, na alikuwa akiipanda mwenyewe hata baada ya kupata wajukuu. Hakuwahi kumwita mtoto yule kwa jina. Alimwita "mwanangu", kwa sauti ile ambayo mtu huitumia kwa kitu ambacho hakihitaji kuthibitishwa.

Huko msituni binti alijifunza jambo moja ambalo mjini halikuwepo. Mgeni hakataliwi mbele ya uso wake. Mtu akija na ombi, liwe dogo au kubwa, anasikilizwa mpaka mwisho, kisha anajibiwa: "Tumesikia." Basi anaondoka. Watu wanakaa wenyewe, wanalizungumza hilo ombi siku mbili, siku tano, hata wiki mbili. Halafu anatumwa mtu kumpelekea jibu huko huko kwake, ili kama ni hapana, aipokee akiwa nyumbani kwake, amekaa, hana aibu ya njiani.

Alilijua hilo kwa kuumbuka. Siku moja aliomba viatu. Mama mdogo akasema, "Nimesikia." Mtoto akaruka ruka kwa furaha, akaenda kuwatangazia wenzake. Wote wakamcheka.

"We mtoto wa askari," mama mdogo alimwambia huku akijifuta machozi ya kicheko, "masikio yangu ndiyo yamepokea. Mimi mwenyewe bado."

Mjini neno hilohilo lina maana nyingine. Mtoto asiyetii huambiwa hasikii. Mkubwa akiuliza, "Mmesikia?", na walio chini yake wakajibu, "Tumesikia", basi wametii, na mjadala umefungwa. Neno ni moja, na herufi zake ni zilezile. Kati ya maana hizo mbili, katika wilaya nzima, alikuwapo mtu mmoja tu aliyezijua zote mbili na ambaye kazi yake ilikuwa kuandika. Mtu huyo alikuwa yeye.

Ndipo ukaja mradi. Serikali ilitaka kuanzisha shamba la taifa la miti ya mbao, na ramani iliyotoka makao makuu ilionyesha kwamba mahali panapofaa ni pale penye msitu. Wakazi wangehamishiwa kando ya barabara, kwenye nyumba zilizopangwa kwa mistari. Sheria ilitaka waulizwe kwanza na waridhie. Aliyekabidhiwa kuwauliza alikuwa afisa mipango, ambaye watumishi wenzake walimwita Bwana Maendeleo, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila neno hilo. Hata akiagiza chai aliiagiza kwa ajili ya maendeleo ya kikao. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka aliyeamini kwamba anayeharakisha jambo jema hawezi kumkanyaga mtu.

Kikao kilifanyika katika darasa moja la shule iliyo ukingoni mwa msitu. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafika kifuani. Mama Muhtasari alikaa kwenye meza ya mwalimu na penseli zake mbili. Mama mdogo alikuwa dawati la mbele kabisa, akimtazama na kumkonyeza kana kwamba wao ni wanafunzi wawili.

Bwana Maendeleo alizungumza kwa saa mbili. Alitaja umeme, zahanati, barabara ya lami, ajira za kupanda miti. Alipomaliza, mama mdogo aliinua mkono.

"Mgeni wetu, nataka kuelewa. Mtakata miti?"

"Ndiyo, mama. Ile ya asili."

"Halafu mpande miti?"

"Ndiyo. Ya mbao, iliyonyooka. Inakua haraka."

"Sasa huko si kumvua mtu shati ili umvishe shati?"

Darasa lote likaangua kicheko, na Bwana Maendeleo naye akacheka. "Mama, hili jipya litakuwa na vifungo," alijibu, na watu wakacheka tena, maana mgeni anayejua kujibu hupendwa popote. Baada ya hapo hewa ilikuwa nzuri. Ndipo akauliza, akiwa ameshika mkoba wake tayari kwa safari:

"Kwa hiyo, ndugu zangu, mmesikia?"

"Tumesikia," wakaitikia wote.

Akageuka. "Karani, umeandika?"

"Nimeandika," alisema. Na kweli alikuwa ameandika, kwa penseli, kwa mwandiko wake wa kulala kidogo kulia: Wananchi walisema, tumesikia.

Ikapitishwa karatasi ya mahudhurio na kidau cha wino, na nyuma yake kreti za soda. Aliyetia dole gumba alipewa chupa. Mama mdogo alikitazama kidole chake cheusi akasema, "Dole moja soda moja. Nikitaka ya pili nitie na la mguu?" Kisha, gari likiwa limeshawashwa, alimfuata mpwa wake dirishani.

"Mwanangu, mwambie mkubwa wako asiwe na wasiwasi. Tutakaa, tutazungumza. Jibu ataletewa."

"Sawa, mama mdogo."

Alisema sawa. Ujumbe ulikuwa mfupi, mtu wa kuambiwa alikuwa kiti cha mbele, na safari ilikuwa ya saa nne. Lakini Bwana Maendeleo alikuwa amefurahi, alikuwa akiimba imba na dereva, na yeye aliona si wakati wake. Wakati wake haukufika.

Kesho yake asubuhi alikaa kwenye kompyuta. Alikuwa na nakala ya mfano aliyokuwa akiitumia kwa kila kikao: ajenda, mahudhurio, yatokanayo, mengineyo, na chini ya kila jambo mstari uliokuwa umeshaandikwa tayari: "Baada ya majadiliano, wajumbe waliridhia." Kama hawakuridhia, alifuta na kuandika walikataa, au waliahirisha. Njia zilikuwa tatu. Bwana Maendeleo alichungulia mlangoni.

"Vipi, tayari?"

"Kabla ya chakula cha mchana."

"Asante, mama. Makao makuu wananiganda." Akaondoka. Hakusema neno jingine, na inafaa jambo hilo likumbukwe.

Alilitazama lile neno la penseli. Kwenye karatasi ya serikali lilionekana kama sentensi iliyokatika katikati. Walisikia, halafu? Angeandika waliahirisha, Bwana Maendeleo angekuja kuuliza waliahirisha lini, naye angelazimika kumweleza, na kumweleza kungemaanisha kusema mbele ya ofisi nzima kwamba yeye anayajua haya kwa sababu mama yake alikuwa mtu wa msitu. Hakuwa amelificha hilo. Ila hakuwa amelisema pia, kwa miaka ishirini na miwili. Na saa nane alitakiwa shuleni kwa binti yake. Na mgongo ulikuwa unauma kwa ile barabara. Akajiambia kwamba jibu litakuja, na likija ataliweka kwenye yatokanayo ya kikao kijacho, na mambo yatajirekebisha.

Akauacha mstari ule kama ulivyokuwa. Waliridhia. Hakugusa hata herufi moja. Dhambi yake yote ilikuwa kutonyanyua kidole. Akaambatisha karatasi ya madole gumba, akapiga muhuri, kisha, kama ilivyokuwa desturi yake baada ya kila kikao, akazichana zile kurasa za penseli na kuzitupa kwenye pipa la kuchomea taka nyuma ya ofisi.

Jibu lilikuja siku ya tisa. Mama mdogo na wanaume wawili walitembea, wakapanda lori la mchanga, wakafika ofisini na vumbi mpaka kwenye kope. Tarishi aliwakalisha kwenye benchi la korido kwa muda wa asubuhi nzima. Walipoingizwa, mama mdogo alimsalimia Bwana Maendeleo kwa heshima, akamuulizia hali ya nyumbani kwake, kisha akasema polepole, kama mtu anayeweka mzigo chini bila kutaka uvunjike:

"Tumekaa, tumezungumza. Jibu letu ni hapana. Lakini nje ya msitu, upande wa mashariki, kuna nyika, hakuna mti wala mtu. Shamba lenu likipandwa pale, sisi wenyewe tutakuja kuwachimbia mashimo."

Bwana Maendeleo alishangaa kwelikweli. "Mama, lakini mliridhia. Madole yenu yako hapa."

"Yale ya soda?"

"Mama Muhtasari, hebu lete faili. Wasomee."

Akalileta. Akasimama, akasoma, kwa sauti ile safi ambayo madiwani waliiogopa: "Baada ya majadiliano, wajumbe waliridhia."

Mama mdogo hakumtazama afisa. Alimtazama yeye. "Hilo neno alilisema nani?"

Karani alifunga faili. "Ndivyo ilivyoandikwa," alisema.

Lugha yetu ina mlango wa nyuma mzuri sana kwa watu wanaotaka kutoka bila kuonekana. Faili lilipotea. Mti ulikatwa. Neno liliandikwa. Hakuna mkono popote. Mwanamke huyu aliyejua lugha kuliko ofisi nzima aliutumia mlango huo mbele ya mtu aliyemlea, na mama mdogo, ambaye hakwenda shule hata siku moja, aliuona ukifunguka na kufungwa. Akainuka, akaaga, akatoka na wenzake.

Matingatinga yaliingia kabla mwezi haujaisha. Yalianza upande wa magharibi, kwa sababu huko njia ilikuwa fupi. Mizinga ya mama mdogo ilikuwa upande wa magharibi. Mwenye tingatinga mmoja alisimulia baadaye, kama kichekesho, jinsi alivyoacha mashine ikinguruma akakimbia mwenyewe nyuki walipomvaa. Familia arobaini na moja zilihamia kwenye nyumba za mistari kando ya barabara, kila mlango ukiwa na nambari ya rangi nyekundu. Mama mdogo alipewa kumi na saba.

Karani alikwenda kumwona Jumamosi moja, na sukari na miche ya sabuni. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, sakafu ya saruji, na dirisha lililotazama mgongo wa nyumba ya kumi na sita. Mama mdogo alimpokea vizuri, akamfutia kiti.

"Karibu, karani."

Alingoja, akidhani ni utani na kwamba neno la kweli litafuata. Halikufuata. Walizungumza juu ya bei ya chumvi na mguu wa jirani. Kila baada ya sentensi mbili, karani hapa, karani pale, kwa adabu ileile wanayopewa wageni. Alipoondoka alisindikizwa mpaka barabarani, kama mgeni. Ndani ya gari alijaribu kulia, hakuweza, maana kulia ni kwa aliyetendewa.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno mafupi yenye ncha. Aliona mkewe anasahau chumvi, anarudi kufunga mlango alioufunga, anamtaka kila mtu aseme neno mara mbili.

"Nyumba hii siku hizi ina kikao," alisema. "Nikiomba maji nasomewa kumbukumbu. Una nini?"

Akamwambia. Fundi aliacha kukanyaga cherehani.

"Sasa wewe kosa lako nini? Ulifuata utaratibu."

"Ukikata nguo ya mtu kwa kipimo ulichokizoea wewe, bila kumpima, unasema ulifuata utaratibu?"

"Mteja atarudi nayo."

"Huyu alirudi nayo," alisema. "Nikamwambia ndiyo saizi yake."

Fundi akarudi kwenye mshono wake.

Mwaka wa pili watu wa msitu walifungua shauri kwenye baraza la ardhi. Walisaidiwa na wakili mmoja, mwanamke kijana mwenye ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambaye kila akizungumza alilazimika kushindana na kelele za mabati yanayopakiwa chini. Alimwita karani, naye akaenda siku hiyohiyo. Alimweleza yote bila kusubiri kuulizwa. Alipomaliza, wakili alikuwa ameshika kalamu yake kwa mikono miwili.

"Mama, hili ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Sasa niambie, nani alikuagiza uandike waliridhia?"

"Hakuna."

"Fikiri vizuri. Bwana Maendeleo alikuja mlangoni. Alisema nini?"

"Aliniuliza kama tayari."

"Kwa namna gani? Kwa vitisho?"

"Kwa haraka. Haraka si vitisho, mwanangu."

Wakili alisogeza kiti. "Mama, nisikilize. Ukisema uliagizwa, muhtasari mzima unaanguka, mradi unasimama, na wewe unabaki mtu mdogo uliyelazimishwa na mkubwa. Ukisema hukuagizwa, watasema ni karani amejichanganya, au anawapendelea ndugu zake. Utajiumiza wewe, na utawaumiza wao. Mimi sikwambii useme uongo. Nakwambia ukumbuke."

"Nakumbuka," alisema. "Hilo ndilo tatizo langu."

Upande wa pili nao ulimfikia. Bwana Maendeleo alimsubiri kwenye ngazi, akamwambia kwa upole, "Usijitese, mama. Wewe sema ndivyo ilivyoandikwa, basi. Karatasi itajitetea." Hivyo akawa na uongo wa aina mbili mkononi. Mmoja ungemlinda kwa wakubwa wake, mwingine ungemrudisha kwa watu wa mama yake akiwa shujaa. Huu wa pili ndio uliomsumbua. Ulikuwa na sura nzuri. Ungeweza kuokoa miti ambayo uongo wake wa kwanza uliikata. Na kama kuna mizani ya haki duniani, uongo dhidi ya uongo si ungelingana? Aliwaza hivyo siku kumi na moja, akipanda basi, akipanga faili, akichambua mchele. Wapo watakaosema angeusema tu. Watu hao hawajawahi kuona mtu asiye na kosa akibebeshwa kosa kwa maneno mazuri. Yeye alikuwa ameliona. Yeye ndiye aliyelibebesha.

Siku ya shauri chumba kilijaa. Mama mdogo alikaa safu ya tatu, mikono mapajani. Karani alieleza neno lile lilivyosemwa, maana yake kwa wale waliolisema, na alichoandika yeye. Mwanasheria wa serikali, mzee mtulivu mwenye miwani ya kamba, akasimama.

"Mama, ni kweli ofisini wanasema, kama Mama Muhtasari ameandika, basi lilisemwa?"

"Wanasema."

"Ni kweli diwani mmoja aliaibika kwa sababu karatasi yako iliaminiwa kuliko kiapo chake?"

"Ni kweli."

"Miaka ishirini na minne sasa, muhtasari hata mmoja haujapingwa. Leo unatuambia huu ni uongo. Basi tusaidie. Ulisema uongo siku ile, au unasema uongo leo?"

"Siku ile."

"Nani alikuagiza?"

Wakili kijana alikuwa akimtazama, midomo imefunguka kidogo, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Juu yao feni ilikuwa ikikwaruza.

"Hakuna aliyeniagiza," alisema. "Neno lao halikuwa na mahali pake kwenye karatasi yangu. Nilikuwa nimechoka, na niliona aibu kusema nimelijuaje. Maana yake niliijua tangu utoto. Nikaandika jingine."

"Kwa hiyo mwongo ni wewe peke yako."

"Ndiyo. Ni mimi niliyeandika."

Wakili aliinamisha kichwa akaanza kukusanya karatasi zake kabla hata hajaambiwa.

Uamuzi ulitolewa baada ya wiki sita. Baraza halikuona hila yoyote kwa upande wa ofisi. Lakini kwa kuwa ridhaa haikupatikana, liliagiza wananchi waulizwe upya juu ya sehemu ya msitu iliyokuwa bado haijakatwa. Ile ya magharibi, iliyokwisha kupandwa miche ya mbao, ibaki mikononi mwa mradi. Kwenye korido wakili alimshika mkono, macho yake mekundu. "Ungesema uliagizwa, tungepata yote," alisema, kisha akaomba radhi, kisha akalirudia tena. Labda ni kweli. Hakuna ajuaye. Ukweli uliocheleweshwa una gharama, na anayeilipa mara nyingi si yule aliyeuchelewesha.

Ofisini hawakumfukuza. Walimhamishia masijala, kubandika lebo kwenye majalada. Ule usemi wa Mama Muhtasari haukusikika tena, ingawa hakuna aliyeukataza.

Kikao kipya kilipotangazwa aliomba likizo ya siku moja, akaenda kwa nauli yake, akakaa dawati la nyuma. Ilikuwa shule ileile. Mezani alikaa karani kijana na kompyuta ya mapajani. Bwana Maendeleo alizungumza dakika ishirini tu safari hii. Umri ulianza kumpunguzia maneno. Mwishoni, kwa mazoea, akauliza:

"Ndugu zangu, mmesikia?"

Hakuna aliyeitikia. Watu walitazama chini, wengine walikohoa. Ndipo mama mdogo akasimama. Ilimchukua muda kutoka kwenye dawati lile dogo, na alipokwisha kusimama alishika ukingo wake kama anayevuka mto. Hakumtazama mgeni. Alitazama sakafu, na sauti yake, iliyowahi kulichekesha darasa hilohilo, haikufika hata safu ya nne.

"Hatutaki," alisema.

"Mama, sema kwa nguvu kidogo, karani aandike."

"Hatutaki!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikagonga bati. Wajukuu wake waliokuwa dirishani waliacha kuchezacheza. "Utuwie radhi, mgeni wetu. Hatutaki. Mwambie kijana atusomee alichoandika."

Kijana alisoma. Mama mdogo akamtaka asome tena. Alisoma mara tatu. Kreti za soda zilibaki zimefungwa mlangoni, na hakuna aliyegusa kidau cha wino. Watu walitoka mmoja mmoja wakipita kando ya Bwana Maendeleo bila kumwangalia usoni, kama wanaotoka kwenye nyumba ambamo mtu ametukanwa.

Msitu wa mashariki na wa kati ulibaki. Watu walishikana mikono nje, ila hawakushangilia. Karani alimngoja mama mdogo kwenye kona ya darasa.

"Mama mdogo," alisema, "shikamoo."

"Marahaba." Alikuwa akipepesuka kidogo, kijukuu kimoja kilimshika kiuno. "Umeona?"

"Nimeona."

"Miaka yote niliyoishi sijamwambia mtu aliyekuja kwangu neno kama lile. Tena mbele ya hawa." Alionyesha watoto kwa kidevu. "Sasa wameshalijua. Wataniuliza kwa nini lile letu la zamani halifai tena. Niwaambie nini?"

Karani alifungua mdomo. Kila neno lililomjia lilikuwa la kujitetea, akayameza yote, moja baada ya jingine. Mama mdogo alisubiri, kwa subira, kama watu wake wanavyomsubiri mgeni amalize. Alipoona hakuna kinachokuja, alimshika mjukuu begani, wakaanza kutembea kuelekea barabarani kwenye nyumba za mistari, maana upande uliookolewa haukuwa wake.